Utaratibu mmoja haumfungi daktari mikono

Ndugu, umeuliza kama kumpitisha kila mgonjwa wa upasuaji kwenye utaratibu uleule si kumfunga daktari mikono. Hapana. Tazama Geisinger, mtandao wa hospitali kule Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2006 wapasuaji wao wa moyo waliandika mambo 40 ya kufanywa kwa kila anayewekewa njia mpya ya damu pale mishipa ya moyo ilipoziba. Mwanzoni ni wagonjwa 59 tu katika kila 100 waliofanyiwa yote 40. Na hao ni mabingwa! Si kwamba hawakujua. Mtu husahau, zamu hubadilika. Baada ya miezi michache wakafika 100. Daktari aliyeona jambo halimfai mgonjwa wake aliruhusiwa kuliacha, ila aandike sababu.

Kwenye gharama ndipo penye utamu: walitoza bei moja, ndani yake yakiwemo matatizo yatokanayo na upasuaji kwa siku 90. Kidonda kikitunga usaha, mfuko unaotoboka ni wa hospitali.

Wala utaratibu mzuri hauhitaji lazima mashine za bei mbaya. Mgonjwa aliyepangiwa siku, kama tumbo lake linafanya kazi vizuri, anaweza kunywa maji au chai ya rangi mpaka zibaki saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Wodi nyingi bado zinamwambia asiguse hata tone tangu usiku wa manane, halafu anaitwa saa tisa alasiri, midomo imempasuka kwa ukavu.