Jibu: Sauti inakauka kabla kipindi cha mazoezi hakijaisha

Salaam dada. Umesema ukifundisha aerobiki pale ufukweni Raskazone, Tanga, nusu saa tu sauti imekwisha. Kabla ya kulaumu koo, angalia spika: kama unapiga kelele kuushinda muziki, punguza muziki. Halafu simama upepo wa bahari ukiwa mgongoni kwako, upeleke sauti kwa watu.

Mimi hatua inayofuata huionyesha kwa mkono mapigo 4 ya muziki kabla: vidole vinahesabu, kiganja kinaelekeza upande. Mdomoni linatoka "geuka!" tu, na wote wanageuka. Maji kunywa kidogo kidogo, joto la Tanga unalijua.

Sauti ikishakwaruza usinong'one, kunong'ona kunalikaza koo, nyamaza kabisa. Ikipita wiki 3 bado inakwaruza, nenda hospitali ya Bombo wakakuangalie koo. Hilo usilicheleweshe, tafadhali.