Kwa mnaoanza kuandika matangazo ya kazi

Nilianza kuandika matangazo ya kazi enzi za gazeti. Ninyi mnaoingia leo kwenye ofisi za rasilimali watu hamjawahi kulipia hata mstari mmoja wa karatasi, na hilo si kosa lenu. Ila bei ya karatasi ndiyo iliyotufundisha nidhamu, na sasa haipo kuwafundisha ninyi.

Gazeti lilitutoza kwa upana wa safu na urefu wa sentimita. Nilikaa na penseli nikikata maneno: "mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu" likabaki "uzoefu miaka 3". Likishachapwa na kosa, limekwisha, ndiyo maana tangazo moja lilipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kupelekwa. Lilitoka, watu wakalikata kwa mkasi, bahasha zikamiminika wiki mbili, basi.

Kisha zikaja tovuti za kutangazia kazi: Monster Board ikaanza mwaka 1994, Craigslist 1995, LinkedIn 2003, Indeed 2004. Huko Marekani, magazeti yaliyokuwa yakiingiza karibu dola bilioni 20 kwa matangazo madogo madogo mwaka 2000 yalibaki na kama bilioni 6 ilipofika 2009. Mdororo wa uchumi ulichangia, lakini kutangaza kulikuwa kumeshakuwa rahisi, mara nyingi bure. Na maneno ya bure hakuna anayeyapima.

Jambo lililonigharimu zaidi ni hili: tangazo la mtandaoni halifi lenyewe. Niliwahi kutangaza nafasi ya mtunza ghala, tukampata mtu ndani ya mwezi, nikasahau kuliondoa. Tovuti nyingine zikalinakili, na tarehe ya mwisho ikaachwa njiani. Mwaka mmoja na ushei baadaye mama mmoja akafika mapokezi, vyeti vyake vimepangwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, mkononi ameshika tangazo langu alilolichapisha. Amepanda magari mawili kuja kuomba kazi isiyokuwepo. Nilimwomba radhi, lakini nauli yake ilikuwa imeshakwenda.

Tangu siku ile tarehe ya mwisho naiandika mara mbili: kwenye kisanduku chake katika fomu ya tovuti, na ndani ya aya ya kwanza, ili anayenakili ainakili pia. Kile kisanduku msikiache wazi. Google ilipoanza kuonyesha nafasi za kazi kwenye matokeo yake mwaka 2017, tarehe hiyo ikawa mojawapo ya vitu inavyosoma kujua kama tangazo limekwisha muda. Nafasi ikijazwa, siufuti ukurasa mara moja. Naandika juu kabisa "nafasi imejazwa", ili aliyetoka kwenye nakala akute jibu.

Kichwa cha tangazo kiwe jina la kazi. Msomaji wa gazeti alipitisha jicho ukurasa mzima. Wa leo anaandika "mhasibu msaidizi" na kubonyeza. Ukiandika "Fursa adhimu ya kujiunga na familia yetu", hatakuona. Mshahara utajeni. Zamani tulisingizia ufinyu wa karatasi, leo nafasi ya kuandika ipo tele.

Matapeli nao hunakili. Wanachukua tangazo lako zima, wanabadilisha namba ya simu, wanadai ada ya usaili. Kwa hiyo kila tangazo liseme wazi kwamba hamtozi ada yoyote, na maombi yapokelewe kwa barua pepe ya kampuni, si ya mtu binafsi.

Karatasi nayo msiitupe. Kwa nafasi za udereva na ulinzi bado nachapa ukurasa mmoja na kuubandika getini, kwa sababu si kila dereva mzuri ana bando. Naandika tarehe kwa herufi kubwa, na siku ya kufunga naubandua mwenyewe.