Injini inayogonga asubuhi: je, oili nzito ndiyo dawa?

Swali: Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne iliyokwisha kutembea kilomita 160,000. Nikiliwasha asubuhi hutoa mlio wa kugongagonga kwa sekunde tatu hivi, kisha linanyamaza, na mchana kutwa mlio huo hausikiki hata nikizima na kuwasha tena. Natumia oili ya 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Rafiki yangu ananishauri nihamie 20W-50 kwa madai kwamba injini imechoka. Je, nimfuate?

Jibu: Ndugu, usihamie 20W-50. Kwamba mlio husikika asubuhi tu, na mchana hausikiki hata ukizima na kuwasha, ni dalili kubwa kwamba oili inachelewa kufika sehemu za juu za injini. Gari likilala usiku kucha, oili hushuka taratibu hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na tensheni (kifaa cha kukaza) ya cheni ya taimingi, ile inayozungusha shafti ya valvu, pamoja na tapeti (visukumio vya valvu) za haidroliki, ambazo hutegemea presha ya oili ili zikaze, hubaki zimelegea mpaka pampu ijaze njia zote upya. Katika sekunde hizo chache cheni hupigapiga kwenye reli zake, na tapeti hugonga. Mchana oili haijapata muda wa kushuka, ndiyo maana injini haipigi kelele.

Oili nzito zaidi itachelewa zaidi. Namba iliyo kabla ya W hueleza tabia ya oili ikiwa ya baridi, na ile ya baada ya kistari hueleza uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya 5W hupimwa kama inaruhusu injini kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ilhali ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 tu chini ya sifuri. Wengi hudhani kwamba 5W-30 ni nyepesi mno asubuhi. Ukweli ni kwamba hata hiyo, ikiwa kwenye nyuzi 20, huwa nzito zaidi ya mara kumi kuliko inavyokuwa injini ikishapata moto. Kitabu chako kikiruhusu 0W-30 unaweza kuijaribu, ingawa mahali pasipo na baridi kali tofauti yake itakuwa ndogo. Ningejali zaidi daraja la ubora linaloandikwa kwenye kopo la oili: API SP, la Taasisi ya Petroli ya Marekani, lililoanza mwaka 2020, linajumuisha jaribio la kulika kwa cheni ya taimingi.

Mimi ningeanza na filta ya oili. Ndani ya filta ya kopo, chini ya vile vitundu vidogo vinavyozunguka tundu la katikati, kuna mpira mwembamba unaofanya kazi ya valvu ya kuzuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Filta iliyofungwa ikilala ubavu, au mdomo ukiwa chini, hutegemea sana mpira huo. Siku ya kubadilisha, ifungue asubuhi kabla hujawasha injini: ikitoka karibu tupu ilhali oili kwenye kijiti cha kupimia iko kwenye kipimo, valvu imeshindwa kazi. Ingiza kijiti kisicho na ncha kali katika kitundu kimoja na uusukume mpira. Ulio mzima hubonyea na kurudi, uliokufa ni mgumu kama ukucha. Mpira wa kawaida wa nitraili hukakamaa kwa joto, kwa hiyo tafuta filta iliyoandikwa kwamba valvu yake ni ya silikoni, wala usiamue kwa rangi ya mpira. Usikubali pia filta kwa sababu tu nyuzi zake za kufungia zinaingia, kwa kuwa mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana valvu za ndani. Fuata namba ya kipuri. Kama injini yako hutumia filta ya karatasi inayokaa ndani ya nyumba yake, valvu mara nyingi huwa kwenye nyumba hiyo, na oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyochoka huweza kuleta kasoro ileile.

Badilisha filta peke yake kwanza, ukibaki na oili ileile, ili ujue kilichosaidia. Mlio ukibaki palepale, sikiliza upande wa kava ya cheni, kwa sababu cheni iliyorefuka au tensheni iliyokwisha haiponi kwa oili ya aina yoyote. Mlio unaodumu dakika kadhaa na kupungua injini ikipata moto ni jambo jingine, mara nyingi pistoni iliyolegea kwenye silinda au manifoldi ya ekzosi inayovuja. Taa ya oili ikikawia kuzimika baada ya injini kuwaka, zima mara moja.

Wakati huu wote usikanyage mafuta unapowasha. Rekodi mlio kwa simu kila asubuhi kwa wiki moja kabla na wiki moja baada ya kubadilisha filta, uhesabu sekunde. Fundi atakayefungua kava ya cheni atazihitaji.