Kongamano lije, lakini Jumamosi ni ya mchezo

Mhariri, mmeuliza kama majumba ya kale ya maigizo yakishakarabatiwa yakodishwe kwa makongamano. Mimi ni fundi wa taa hapa Nairobi. Makongamano yameninunulia unga miaka mingi, sitajifanya kuyachukia.

Ugomvi wangu ni wa kalenda, na si mgeni. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, ule unaotazamana na hoteli ya Norfolk, ulifunguliwa 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Mwaka 1976, uhuru tukiwa nao tayari, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipoleta mchezo wao juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, walikuta vikundi vya kigeni vimeshashika tarehe. Wao wakabanwa kwenye siku chache. Ukumbi ulikarabatiwa, ukafunguliwa upya 2015. Wiki bado ina siku 7.

Jukwaa linamfaa msemaji mmoja kuliko hoteli yoyote. Niliwahi kuona kipaza sauti kikizimika katikati ya hotuba. Mzee akaendelea tu, na safu ya nyuma wakacheka mzaha wake pamoja na wa mbele. Ila mkisema “tugawanyike vikundi”, basi tena. Viti vimekazwa sakafuni, watu wanapinda shingo, kompyuta magotini, mwingine kapiga magoti akitafuta soketi.

Kuna wateja, siwataji, waliobandika bango sakafuni mwa jukwaa kwa utepe wa gundi. Kulibandua, rangi nyeusi ikatoka nalo, na jioni waigizaji wakafanya mazoezi peku, nyayo zikinata. Taa ndizo zinazoniuma zaidi. Mkutano unataka mwanga mweupe kila mahali kwa ajili ya kamera, kwa hiyo nazigeuza zote. Wakishaondoka napanda ngazi kuzielekeza upya moja moja, huku mwelekezaji akiuliza chini kama nimemaliza. Saa hizo hakuna anayezilipia.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo: kodisheni Jumatatu hadi Jumatano, watu wawe wametoka saa 10 jioni, na bei ihesabu kazi ya kurudisha taa. Akija mwenye hela akitaka Jumamosi, aambiwe kuna mchezo, hata kama tiketi zilizouzwa ni 30.