Nani aliyaviringa mawe ya kilimani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia. Juu ya kilima kilicho karibu na shule yetu kuna mawe makubwa ya graniti, ya mviringo, yamepandana. Wanafunzi wanadai zamani mto ulipita pale. Siamini, ila sina jibu. Halafu udongo wa juu ni mwekundu, wa bondeni mweusi, na mwamba ni uleule. Imekuwaje?

Jibu: Mwalimu, mto haukuhusika. Mawe hayo yalianza kuviringika yakiwa bado ardhini.

Graniti huganda chini sana ardhini. Mmomonyoko ukishaondoa mzigo ulioilalia, mwamba hulegea, nyufa hufunguka, ukagawanyika vipande vikubwa vyenye pembe. Maji ya mvua hupenya humo, na si maji matupu: yamechukua kaboni dioksidi hewani, na nyingi zaidi kutoka kwenye mizizi na vijidudu vya udongoni, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo huigeuza feldispa, moja ya madini yanayounda graniti, kuwa mfinyanzi. Kwatsi, madini mengine ya graniti, haijali, hubaki mchanga. Sasa piga hesabu: uso wa kipande huliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, pembe kutoka pande tatu. Pembe ndizo huisha kwanza. Baadaye mvua husomba kilichooza, viini vigumu vikabaki vimekaliana.

Wapeleke wanafunzi mahali ambapo barabara imekata kilima. Wataona kiini cha mviringo kilichozungukwa na magamba kama ya kitunguu. Bandua gamba la nje ulisage kwa vidole: feldispa imefifia na kuwa unga, kwatsi bado inakwaruza na kumeta, na madini yenye chuma yameacha madoa ya kutu. Mimi ningefuta vipindi viwili vya darasani kwa ajili ya ukuta huo.

Kuhusu rangi: juu, maji hushuka upesi, hewa huingia, na chuma hushika kutu, wekundu unatoka hapo. Kalsiamu, magnesiamu na silika huyeyuka na kuteremka hadi bondeni. Huko maji hutuama, na hutokea mfinyanzi wa aina nyingine, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alipendekeza mwaka 1935 kwamba udongo wa namna hii, toka kileleni hadi bondeni, uchorwe kwenye ramani kama kundi moja. Na weusi huo usikuhadae. Wengi hudhani ni mboji tupu, kumbe mara nyingi mboji yake ni haba.

Bila shaka wanafunzi watauliza kama mawe bado yanaoza. Yanaoza, lakini taratibu. Jiwe lililo nje hukauka mara mvua inapokatika, ilhali lililofukiwa hukaa na unyevu miezi na miezi. Ndiyo maana yale ya kileleni yanadumu, na wenzao walio ndani ya kilima wanazidi kuliwa.