Kukonda kwa mjukuu wangu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama mtoto kukonda hivi, nguo zikimpwaya kiunoni ilhali anakula, ni kurefuka tu kwa umri wa kubalehe. Baada ya miaka niliyouguza watoto wodini, siwezi kukujibu hivyo. Anayerefuka huonekana mwembamba, ndiyo, lakini mizani haishuki. Umri huu uzito hutakiwa upande. Hata ukigoma pale pale kwa miezi kadhaa ni jambo la kuuliza, sembuse kupungua.

Kabla ya yote niambie: anakunywa maji kuliko alivyozoea? Anaamka usiku kwenda kukojoa, au amekojoa kitandani na alishaacha zamani? Kama ndiyo, usingoje kesho. Hiyo huenda ni kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho linaacha kutoa insulini, sukari inajaa kwenye damu lakini haiingii mwilini kufanya kazi, inatoka na mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mwili wenye njaa katikati ya shibe unaanza kula mafuta na misuli yake. Kipimo ni tone la damu la kidoleni, na jibu hupatikana papo hapo. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu au kulegea kwa usingizi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Niliwahi kumpokea mtoto aliyetibiwa tumbo siku mbili kumbe ni sukari, na sijamsahau.

Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, alikuwa kijana mdogo tu, Januari 1922, amebaki mifupa, akiwa na kilo 30 hivi. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla yake watoto kama yeye walikuwa wakifa. Leo dawa ipo. Kinachoua ni kuchelewa.

Sukari ikiwa sawa, bado tusilale. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, kijana hula sana na bado akakonda. Moyo humwenda mbio hata akiwa amekaa, mikono hutetemeka, huona joto wenzake wakiwa sawa. Huwa mkali, na masomo hushuka, watu wakadhani ameharibika tabia. Matumbo nayo yaweza kuwa na uvimbe wa muda mrefu: maumivu, kuhara, pengine damu. Hapo uliza kwa upole, maana vijana huona haya kusema habari za choo. Wengine hawaonyeshi chochote ila kudumaa na kuchelewa kubalehe.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku ni dalili za kifua kikuu. Mpapase shingoni, kwapani na juu ya mtulinga. Mitoki isiyouma na isiyopungua, daktari aione, kwani saratani ya tezi za limfu huwapata vijana pia. Kipimo cha VVU nacho kisikutishe wakikishauri.

Neno moja limenisumbua: unasema anakula. Umemwona akila, au umeona sahani tupu? Kuna vijana wanaojinyima kwa hofu ya kunenepa, wakajificha ndani ya nguo kubwa. Kuna huzuni nzito inayoua hamu ya chakula. Haya ni magonjwa kamili, tena huko kujinyima, kunakoitwa anoreksia, huua. Usimgombeze wala usimsifu kwa wembamba. Daktari apate nafasi ya kuzungumza naye peke yake, wewe ukiwa nje. Usiumie moyo kwa hilo.

Andika uzito wake wa leo, tafuta na wa zamani kwenye kadi zake za kliniki, uende na zote mbili. Anza na kile kipimo cha sukari, leo. Ukishapata jibu nipigie, hata iwe usiku wa manane.

Mama yako