Rali ya mbwa: maswali yenu ya wiki hii

Tangu nitaje huu mchezo wa utiifu wa mbwa unaoitwa rali, maswali yamemiminika, kuanzia Malindi na Watamu mpaka Lamu. Nimechukua haya.

*Hii rali ni kama ya magari? Mbwa wanashindana mbio? (Kijana wa Maweni)*

Hapana bwana, hakuna vumbi la Naivasha hapa. Jina ndo limetoka kwa magari lakini mchezo wenyewe ni kutembea. Uwanjani kunapangwa vibao vyenye namba, kila kibao na kazi yake, geuka kulia, simama mbwa akae, zunguka duara zima, punguza mwendo, na nyie wawili mnafanya mnasonga, mnafanya mnasonga, mpaka cha mwisho. Uliasisiwa na Mmarekani mmoja, Charles Kramer, wenyewe wakimwita Bud, na mwaka 2005 AKC, chama kikubwa cha mbwa kule Marekani, wakaanza kuutolea vyeo. Daraja la kwanza, Novice, lina vibao 10 hadi 15, mbwa yuko kwenye kamba, mnaanza na pointi 100 mnakatwa kila mkikosea, mkibaki na 70 mmepita. Na kinachonifurahisha mimi ni kwamba unaruhusiwa kuongea na mbwa wako njia nzima, kumsifu, hata kumpigia makofi. Ule utiifu wa kizamani ukishatoa amri unanyamaza kama uko mahakamani.

*Wangu ni koko tu wa mtaani, si atachekwa?*

Na nani? AKC wenyewe wanapokea machotara tangu 2010, wanachotaka ni awe ametimiza miezi 6. Koko wa huku ana akili ya kutafuta riziki, hiyo ni mtaji.

*Sisi ni Waislamu, mbwa wa kulinda shamba tunaye, lakini mate yake je? (Mama, Ngala)*

Mama, hukumu muulize sheikh, mi kazi yangu mbwa. Ila wengi wetu Pwani ni Mashafii, tunajua mate yake ni najisi, kuosha ni mara saba na moja iwe kwa udongo, na kikavu kwa kikavu hakina neno. Mchezo huu haukulazimishi kumshika, kwanza majaji hawataki umsukume kwa mkono. Kitonge cha zawadi usimlishe mkononi, kidondoshe chini karibu na mguu wako wa kushoto, na hiyo inamfundisha vizuri zaidi manake anajua riziki iko pale. Vaa glavu, weka nguo za mazoezi mbali na za swala, basi.

*Nianzie wapi, sina vifaa wala mwalimu?*

Vifaa gani jamani, kata boksi la dukani andika kwa makapeni, kibao hicho. Badala ya koni za kuzunguka weka vifuu au madumu matupu, yaachane kama mita 2. Lakini usivikimbilie vibao, hapo ndo wengi wanaharibu. Kwanza mbwa ajue pahala pake, kushoto kwako, kamba imelegea. Piga hatua mbili, yupo? mpe. Tatu, mpe. Akikutangulia simama, usimvute, ngoja akurudie ndo muendelee. Siku ukiona anakutazama mwenyewe bila kuitwa, sasa leta kibao cha kukaa, halafu kugeuka, na kugeuka kushoto kutawasumbua kwa sababu unamwingilia njia yake na yeye hajajua kurudisha makalio, kwa hivyo nenda polepole. Kibao kikae kulia kwako, zoezi ulifanye kabla hujakipita. Halafu pita njia nzima peke yako kwanza bila mbwa, hata mashindanoni watu wanapewa muda huo, sababu mara nyingi anayepotea ni mtu, macho kwenye kibao miguu haijui inakwenda wapi. Majirani watacheka, wacha wacheke.

Zawadi iwe ini la kuchemsha, vipande vidogo vidogo, si ng'onda, chumvi yake imezidi. Na saa ni alfajiri au baada ya alasiri, kaskazi ya Januari mchanga wa Silversands unaunguza, weka mgongo wa mkono chini, ukishindwa wewe na yeye hawezi.

*Niko Lamu, akiona punda anachachawa, anabweka mpaka basi.*

Usifundishie vichochoroni, hakuna pa kukimbilia. Nenda pahala pa wazi, kaa mbali mpaka afike umbali ambao anamuona punda lakini bado anakusikia, fanyia hapo, siku zikienda unasogea. Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu, mtaa ni wa watu wengi.

*Wangu ana miaka 9, si mzee?*

La. Muda wanaupima ila unatumika tu pointi zikilingana. Kuruka kunakuja madaraja ya juu, ya chini hakuna, akichoka mpumzishe, dakika tano kwa siku zinamtosha.